Nyimbo Zimefutwa, Nafasi Haikurudi

Edmund alikuwa bado anasema. Alianza pale Sajini Kunegunda alipofunga mwavuli mlangoni mwa studio, na sasa mwavuli ulikuwa umekauka nusu naye hajafika mwisho.

"Afande, mimi nimetoka kwetu Makete nikaja Songea kuwekeza. Serikali yenyewe imesema wekezeni. Nimeleta kompyuta ya kurekodi kwaya, ya kwanza mji huu. Nimeajiri binti wa watu. Binti huyo huyo ananifutia nyimbo za Mateso za Kwaya ya Mshangano, na Pasaka hiyo inakuja! Mashine yenyewe imeandika jina lake. Mnataka ushahidi gani tena? Malaika ashuke?"

"Malaika akae huko huko," alisema Kunegunda. "Wewe pumua kidogo."

Jalada la shauri hili alikabidhiwa jana jioni kwa sababu wapelelezi wengine wote walisikia neno kompyuta wakakumbuka safari. Mkubwa wake, Inspekta Otto, alimwambia, "Wewe chukua, wewe ni mwanakwaya." Kunegunda hajaimba kwaya hata siku moja. Alikuwa anasali Misa ya kwanza na kurudi nyumbani. Lakini kubishana na Inspekta Otto ni kama kumfundisha mbuzi kupiga ishara ya msalaba, kwa hiyo alichukua.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Alhamisi mchana, nyimbo zote ambazo marehemu Ursula aliongoza zilitoweka kwenye kompyuta ya studio. Ursula alirekodi Oktoba, mwezi wa Rozari, akafa kabla ya Krismasi. Mume wake, Mwalimu Makarius, ndiye mwalimu wa kwaya hiyo. Wimbo mwingine ukiharibika watu wanarudia kuimba, ila marehemu harudii. Wanakwaya waliposikia walikuja wote studio, wakamshika Stumai, mrekodi, wakamfikisha kituoni kwa makelele. Jumatatu anapelekwa mahakamani kwa kuharibu mali kwa makusudi. Binti wa Tunduru asiye na ndugu mjini hapa wa kumdhamini, kila mtu alijua ataishia rumande.

"Na hasara haijaisha," Edmund aliendelea. "Leo asubuhi wamekuja kwaya kutoka Mbinga. Wamekodi lori, wamevaa sare, wameshapanga mistari. Wanafungua midomo tu, mashine inakataa. Inasema imejaa. Nimewarudisha. Wamenitukana kwa Kimatengo. Sikuelewa neno, lakini nilielewa."

Kunegunda alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka.

"Imejaa?"

"Pomoni."

"Alhamisi asubuhi, kabla nyimbo hazijafutwa, ilikuwaje?"

"Ilikuwa ukingoni. Nyimbo zinakula nafasi, Afande, wewe acha tu."

"Zilizokula zaidi ni za nani?"

"Hao hao wa Mshangano. Wanaimba wimbo mmoja mpaka mtu anasinzia."

"Na sasa za Ursula zimefutwa."

"Zimefutwa! Ndiyo habari ninayokueleza tangu asubuhi!"

"Basi nafasi yake iko wapi?"

Edmund aligeuka akaitazama mashine.

"Ukitoa mahindi kihengeni, kihenge hakibaki kimejaa," alisema Kunegunda. "Nani anajua tumbo la mashine hii?"

"Ramson. Fundi wa Mbeya, ndiye aliyeipanga. Yuko Tunduru kwa wanunuzi wa vito, anawawekea na wao."

"Hilo umelijua lini?"

"Tangu alipoaga."

"Na umekaa siku mbili bila kumwambia askari yeyote kwamba kuna fundi?"

"Hamkuniuliza, Afande."

Kunegunda alifungua mwavuli akiwa bado ndani ya nyumba, akatoka.

Simu ya upepo ya kituo ilikoroma mpaka mchana ndipo Tunduru wakajibu. Fundi hayupo Tunduru, amepita mbele kwenda Nakapanya kwa mteja mwingine. Kunegunda akaomba wamfuate. Wakauliza, amekosa nini? Akasema hajakosa. Wakauliza, sasa wamkamate vipi? Akasema wasimkamate, wamlete. Wakasema hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Kengele ya Njia ya Msalaba ilikuwa inalia upande wa pili wa mji alipomtoa Stumai mahabusu na kumkalisha mbele ya meza. Ijumaa ya Kwaresma, na yeye bado kazini. Aliufanya msalaba haraka chini ya meza, kisha akachukua kalamu.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Alhamdulillahi."

"Jina lako liko kwenye mashine, Stumai. Imeandikwa stumai amefuta."

"Jina langu liko kila siku. Mimi ndiye ninayefika wa kwanza."

"Maana yake nini?"

Stumai alikuwa mwembamba, mtandio umekunjika kwa kulalia sakafu, lakini alijibu kama mtu aliyesimamishwa akiwa katikati ya kazi zake. "Ikiwaka inauliza jina na neno la siri. Anayefika wa kwanza anafungua, wote tunafanya kazi humo humo mpaka jioni. Ni kama mlango wa ofisi, Afande. Mwenzio akishafungua, utaufunga tena ili ufungue kwa ufunguo wako? Si kiburi hicho?"

"Bosi wako hana jina lake?"

"Analo. Neno la siri amelisahau tangu mwaka jana. Siku niliyolala na malaria alituma mtu kitandani kwangu nimtajie la kwangu."

Kunegunda alijikuna paji la uso. "Kwa hiyo mtu yeyote akifanya chochote pale ndani…"

"Nimefanya mimi."

"Kompyuta ni moja?"

"Moja, vioo viwili. Kikubwa kiko chumba cha kurekodia, hapo nakaa mimi. Kidogo, kile cha maandishi ya kijani, kiko mapokezi, kimeungwa kwa waya. Pale wanakaa walimu wa kwaya. Wimbo mmoja wanauimba mara tano mpaka sita, halafu wanasikiliza, wanachagua mkupuo uliokaa vizuri. Mibovu inafutwa."

"Nani anaifuta?"

"Zamani mimi. Sasa wenyewe. Nimewafundisha walimu wote, nilichoka."

"Na Mwalimu Makarius?"

"Huyo hodari kuliko wote. Anafika, anakaa, anapiga, wala haniulizi."

Kunegunda alirudi nyuma kwenye jalada, akasoma tena maelezo ya Makarius kwa mwandiko wa askari wa zamu: *Mimi ni mtu wa nota. Mashine ile hata kuigusa sijui.* Akafunga jalada.

"Alhamisi saa saba ulikuwa wapi?"

"Kuswali adhuhuri. Kwa mama yake Daimu, nyumba ya pili. Kila siku nakwenda, na kila mtu anajua."

"Studio alibaki nani?"

"Bosi alikuwa stendi. Mwalimu alikuwa mapokezi anasubiri. Swalehe, yule wa kunakili kanda kule Majengo, alipita akaniulizia."

"Mkubwa wangu anasema wewe na Swalehe ni ndugu. Mmepanga."

"Kwa sababu wote Wayao? Basi na Mkubwa wako ni ndugu wa kila Mngoni aliyewahi kuiba kuku."

Kunegunda alilazimika kuandika kitu kisicho na maana ili asicheke.

Majengo alikwenda hata hivyo, kwa kuwa kama angemwacha Swalehe bila kumhoji, Inspekta Otto angemwimbia jina hilo mpaka Pasaka. Swalehe alikuwa katikati ya redio zake, kanda zinazunguka kila upande. Hakuinuka.

"Karibu, Afande. Umekuja kunikamata au kununua?"

"Alhamisi ulifuata nini studio kwa Edmund?"

"Nilikwenda kuuliza Mateso yanatoka lini. Wateja wameniganda."

"Ili uyaibe."

"Ili niyanakili. Sasa fikiri na wewe. Mimi ninakula kwa nyimbo zilizopo. Nikizifuta nitanakili nini, kikohozi? Nani anachoma shamba la jirani wakati amezoea kuvuna humo?"

Ulikuwa utetezi wa mwizi, lakini ulisimama. Kunegunda alimwambia siku yake itafika, akatoka.

Ramson aliletwa studio Jumamosi mchana na lori la mbao. Alikuwa amepakwa tope mpaka kwenye nyusi, na begi la diskete amelikumbatia kama mtoto mchanga.

"Nimelala juu ya mbao, Afande. Mvua yote ya Tunduru imepita mgongoni kwangu. Nimeua nani?"

"Hujaua. Keti hapo. Nyimbo zimefutwa, nafasi haikurudi. Nieleze."

Ramson aliacha kujifuta tope. Alimtazama Edmund, akatazama kompyuta, akatazama vidole vyake.

"Ah," alisema.

"Hiyo 'ah' yako nimeingojea tangu jana. Endelea."

"Afande, ndani ya mfumo kuna sehemu tunaita kiini. Programu haigusi diski yenyewe. Inaomba kiini: nifungulie faili hili, nisomee, niandikie, nifutie. Kiini kina kazi hizo zote, na kila kazi ina anuani ya mahali inapofanyikia. Sasa huu mfumo wa Linux msimbo wake uko wazi, mtu anaruhusiwa kuingia. Nikaingia. Nikaandika kufuta kwangu mwenyewe, nikabadili anuani. Mtu akiomba kufuta, kiini hakiendi kule kwa zamani. Kinakuja kwangu."

"Na kufuta kwako kunafanya nini?"

"Hakufuti."

Edmund alikaa juu ya spika.

"Kunalihamisha faili kwenye kabati," alisema Ramson. "Halafu nikabadili na kazi ya kuorodhesha. Ikifika kwenye kabati, inaruka. Kwa hiyo anayetazama anaona limekwenda."

"Kama yaya unamwambia katupe hii, anaitika ndiyo mama, anaificha uvunguni."

"Hasa, Afande! Hasa!"

"Usifurahi. Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Wangejua wangefuta ovyo. Kabati lingejaa."

"Limejaa."

"Naona."

"Na nani alikutuma kufanya hivi?"

"Sikutumwa, nilihurumia. Bosi aliwahi kufuta kwaya ya Matimira nzima akidhani anafuta mkupuo mmoja." Edmund aliutazama mwavuli wa Kunegunda kana kwamba hajawahi kuona mwavuli. "Nikasema nijaribu kwanza, ikikaa vizuri nitawaambia. Ikaja kazi ya Tunduru."

"Fungua kabati."

"Hivi hivi halifunguki. Kiini changu hakinionyeshi hata mimi."

"Umeficha kitu mpaka na wewe mwenyewe hukioni?"

"Ndiyo, Afande, ili…"

"Usinipe 'ili'. Nipe njia."

Njia ilikuwa kuzima mashine na kuiwasha kwa diskete yenye kiini cha zamani, kile kisichokuwa na mambo ya Ramson. Hicho hakijafundishwa kuruka. Ramson alitafuta diskete begini, akaipata, akaipuliza, akaichomeka. Maandishi yakaanza kushuka kwenye kioo. Umeme ukakatika.

Edmund alikwenda nyuma kuvuta kamba ya jenereta, akavuta, akavuta, akarudi anahema kuuliza kama kuna mtu ana petroli. Kunegunda alitoa rozari mfukoni. Alikuwa ameshafika tendo la tatu la uchungu taa ziliporudi. Mashine ikawaka, ikatangaza kwamba ilizimwa vibaya na sasa itajikagua yenyewe mwanzo mpaka mwisho.

"Inajikagua kwa muda gani?"

"Itategemea, Afande."

"Itategemea nini?"

"Itakavyopenda."

Akaendelea na tendo la nne.

Ilipomaliza kujikagua, Ramson aliandika amri fupi. Mahali ambapo siku zote palikuwa patupu, palisimama kabati lenye droo mbili.

"Ya kwanza inapokea vilivyofutwa kutoka kioo kikubwa cha ndani," alisema. "Ya pili, kutoka kioo kidogo cha mapokezi."

"Kwa nini umetenganisha kwa vioo, si kwa majina?"

"Majina? Afande, hapa wote ni Stumai."

Droo ya kwanza ilikuwa na vitu vya kawaida: Stumai anajaribu kipaza sauti, Stumai anahesabu moja mbili. Droo ya pili ilikuwa imefurika mikupuo mibovu ya kila kwaya iliyopita pale. Na juu kabisa, za Alhamisi mchana wakati wa adhuhuri, nyimbo za Ursula. Zote. Nyimbo nyingine za kwaya ile, alizoongoza mtu mwingine, hazikuguswa.

"Zimeandikwa majina ya nyimbo?" aliuliza Kunegunda.

"Hapana, nambari tu, kama zilivyorekodiwa. Aliyezitoa alijua kila nambari ni nini."

Ramson alifungua moja. Sauti ya mwanamke ilijaa chumba, nzito, haina haraka, ikimsindikiza Bwana kupanda mlima. Hata mvua ya nje ilionekana kama imetulia. Kisha Edmund akaruka.

"Zipo! Afande, zipo! Shauri limekwisha! Nitawapigia watengeneza kanda!"

"Shauri halijaisha. Nyimbo zimepatikana, aliyezitoa bado. Jumatatu nikisema mahakamani zilitolewa mapokezi, hakimu ataniuliza: Stumai hana miguu ya kufika mapokezi? Nitajibu nini?"

Edmund akakaa tena juu ya spika.

"Ramson," alisema Kunegunda, "zirudishe mahali pake, kama zilivyokuwa Alhamisi. Halafu washa tena kiini chako kile cha uongo. Na mfunguo wa leo uwe kwa jina la Edmund."

"Neno la siri nimelisa…"

"Atakupa jipya. Ulishike mpaka jioni tu, Ndugu Edmund, tunakuomba."

Makarius alipoitwa alikuja na baiskeli kutoka Mshangano. Alikuwa mtu nadhifu, kola imepigwa pasi hata siku ya mvua, uma wa kutafutia sauti umechomekwa mfuko wa shati kama kalamu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Mwalimu, nyimbo za marehemu zimepatikana."

"Mungu mkubwa," alisema Makarius. Ila kabla ya kusema alikitazama kioo kidogo.

"Fundi amezirudisha kwa taabu kubwa. Zikipotea tena hana la kufanya. Nataka uzisikilize, uthibitishe sauti ni ya mama, kisha nikuandike maelezo. Kaa hapo."

"Lakini Afande, mashine hii mimi siijui."

"Basi kaa tu, imekwisha kufunguliwa. Sisi tunakunywa chai barazani. Ukishindwa tuite."

Mapokezi yalikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulitazamana na benchi la barazani. Kunegunda alikaa katikati, Edmund kulia, Ramson kushoto, sahani ya mihogo ya kuchemsha magotini. Hakuna aliyeingia na hakuna aliyetoka. Edmund alitaka kusema mara mbili, na mara zote mbili Kunegunda alimpa muhogo.

Mule ndani sauti ya Ursula ilianza. Iliimba ubeti wa kwanza. Katikati ya ubeti wa pili ikakatwa, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Makarius alitoka baada ya kitambo, anajifuta mikono kwa leso. "Afande, nimeshindwa. Imegoma yenyewe."

"Imegoma," alisema Kunegunda. "Pole. Ingia tukaone."

Nyimbo hazikuwapo. Edmund alipiga yowe la kweli kabisa, ingawa alikuwa ameelezwa mapema. Ramson alichomeka diskete yake. Safari hii umeme, kwa rehema za Mungu, haukukatika. Kabati likasimama, droo ya pili ikafunguka, na juu yake nyimbo za Ursula, zote, za dakika zile zile walizokuwa wakitafuna muhogo. Makarius alikisogelea kioo.

"Hii ni nini?"

"Ni mahali vitu vinapokwenda mtu akivifuta hapa," alisema Kunegunda. "Fundi ameibadili mashine tangu mwezi uliopita. Haifuti, Mwalimu. Inakubali kwa mdomo tu. Na kabla hujaanza kunieleza, fikiri: Stumai yuko mahabusu. Mwenye jina la leo alikuwa anakula pembeni yangu. Mlango nilikuwa nautazama mimi."

Makarius alivuta kiti, akakaa. Alitoa uma wake mfukoni, akauweka mezani, akaurudisha.

"Sikutaka kumwonea mtu."

"Nieleze ulichotaka."

"Ursula nimemuuguza, nimemzika, nimemwekea msalaba wa zege. Misa zake nimesomesha. Baada ya Pasaka nafunga ndoa na Dorine, Padre anajua. Dorine ananiuliza: kanda hii ikitoka, si itapigwa kila duka? Atakwenda sokoni, marehemu anaimba. Atakwenda kisimani, marehemu anaimba, na majirani wanasema sikia mke wa Mwalimu. Mke wa Mwalimu yupi? Mwanamke gani anaingia nyumba ya namna hiyo, Afande?"

"Ungewaambia wanakwaya."

"Wangeniua. Wanampenda kuliko mimi."

"Kwa hiyo ukafuta."

"Nilidhani zikiisha zimeisha. Tungerekodi upya, Dorine angeongoza."

"Na Stumai?"

"Stumai nilijua watamfukuza kazi tu."

"Tu."

"Mimi sikuwaambia wampeleke polisi!"

"Hapana," alisema Kunegunda. "Ulikuwa unatembea mbele yao. Nyanyuka twende."

Angalipenda siku iishie pale. Alimfikisha Makarius kaunta ya kituo, akaandika maelezo, akapeleka jalada kwa Inspekta Otto, ambaye alisoma ukurasa wa mwisho akiwa amesimama na kofia kichwani. "Safi. Mwachie binti. Na mimi niende, leo Jumamosi."

Kunegunda alifungua mahabusu mwenyewe. "Stumai, uko huru. Nyimbo zimepatikana, aliyefuta ni Makarius, amekiri. Chukua vitu vyako."

Stumai alichukua kandambili zake, akaja mpaka kaunta, akapokea mkufu wake na saa yake, akavivaa. Kisha akaketi kwenye benchi la wageni.

"Mlango ule pale, mwanangu."

"Nauona, Afande."

"Basi nenda nyumbani ukaoge, ulale."

"Siendi."

Inspekta Otto alikuwa ameshika kitasa. Akakiachia. "Anasemaje huyu?"

"Nasema siendi, Mkubwa. Alhamisi nililetwa hapa na kwaya nzima. Njia yote kutoka studio, wanapaza sauti: Mwislamu kafuta Mateso ya Bwana. Sokoni wamesikia. Msikitini wamesikia. Mama mwenye nyumba wangu alisimama mlangoni, amesikia. Sasa mnataka nitoke kimya kimya kwa mlango huo, jioni hii, peke yangu. Nani atasikia?"

"Tutakuandikia karatasi," alisema Otto.

"Nitaitembeza nyumba kwa nyumba?"

"Sajini, mtoe."

"Kwa kosa gani, Afande?" aliuliza Kunegunda. "Kukataa kuachiwa? Kifungu kipi?"

Otto alivua kofia. Alimtazama Stumai, na Stumai alimtazama yeye, mikono magotini, kama abiria mwenye tiketi.

Kunegunda alikuwa na njaa, miguu imevimba, na kesho alfajiri ni Misa. Alitazama saa ya ukutani. Kwaya ya Mshangano ingekuwa imekaa kanisani sasa hivi inamsubiri mwalimu wake, haijui alipo. Akachukua mwavuli.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Otto.

"Kuwaleta."

Walikuja kwa miguu nyuma yake, wamejifunika makanga na magunia kwa mvua. Njiani alikuwa amewaeleza yote, kwa hiyo hawakuja na makelele. Waliujaza uwanja wa kituo. Wapita njia, wakiona kwaya na polisi mahali pamoja kwa mara ya pili wiki ile, walianza kusimama barabarani. Mama mwenye nyumba wa Stumai alikuwamo, na mtoto mgongoni. Stumai alitoka mpaka kizingitini. Hakushuka ngazi.

Mama mmoja mtu mzima wa sauti ya kwanza alitangulia, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wakubwa wa huku wakiomba radhi. "Mwanangu, tulikusingizia. Hukufuta kitu. Utusamehe."

Wengine wakafuata, kwa sauti ndogo, kila mmoja na wake, maneno yakagongana. "Tulikusingizia." "Hukufuta." "Samahani, dada." Wanaume waliokuwa nyuma, wale waliomshika mikono siku ile, walikuwa wanatazama madimbwi.

Stumai aliwasikiliza mpaka wakanyamaza. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Rudieni," alisema. "Besi sijawasikia."

Hakuna aliyecheka. Wanaume walitazamana, wakasogea mbele, wakavua magunia vichwani. Mama wa sauti ya kwanza aliinua mkono kuwapa mwanzo, kwa kuwa mwalimu wao alikuwa ndani, na safari hii waliingia wote pamoja, wakasikika mpaka barabarani.